Vocha ya Noelia

Bahasha ya Dwight Lunsford haikuwa na orodha ya majina, msomaji, kama ulivyoapa wiki nzima kwamba itakuwa nayo. Ilikuwa na picha moja.

Aliitoa taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya mfu kwenye unga.

Wewe uliyetukosa Jumamosi iliyopita, sogea nikuweke sawa upesi, maana ukumbi umejaa na watu hawa hawatungoji. Tuko Cobre Alto, mji wa machimbo ya shaba, Arizona. Ni asubuhi ya Jumamosi yenye baridi, ndani ya bwalo la Shule ya Msingi Mesa Parda. Bodi ya watu watano imekaa mbele kupiga kura: shule inusuriwe au ifungwe. Watoto wamepungua. Wengine wamehamia shule ya mkataba kando ya barabara kuu, inayoendeshwa na kampuni kwa fedha za umma. Wengine wazazi wao wamechukua vocha, ile hati ya serikali ya jimbo inayomruhusu mzazi kuondoa fungu la mwanawe shule ya umma na kulipeleka shule binafsi. Kila mtoto akitoka, fungu lake linatoka naye, na waliobaki wanabanana kwenye kilichosalia.

Anayeipigania Mesa Parda kwa udi na uvumba ni Amparo Villaseñor, mwoka mikate, mjumbe wa bodi. Na ni Amparo huyo huyo ambaye wiki tatu nyuma alifunga mlango wa duka lake, akakaa juu ya gunia la unga, akamwombea binti yake wa pekee vocha. Akapewa.

Tulimwacha Dwight, mpinzani wa shule hii, amesimama katikati ya ukumbi akinguruma: "Kati ya hawa wanaotulilia hapa, yupo mmoja anayekula vocha kimyakimya. Na leo namtaja!"

Haya. Sasa akaigeuza picha watu waione.

Mwanamke mwenye koti jekundu amesimama mbele ya lango la shule binafsi kule bondeni. Amemshika mkono mtoto. Mtoto amejivuta kofia ya sweta mpaka puani, hajulikani.

Lakini koti lilijulikana. Mji mzima ulilijua. Na mwenyewe alikuwa amelivaa hata asubuhi ile, safu ya mbele kabisa.

"Mwalimu Chelo!" mtu alipiga ukelele.

Consuelo Tafoya, Chelo kwa kila mtu, mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka kumi na tisa. Comadre wake Amparo, na madrina wa mtoto, maana ndiye aliyemshika mtoto wa Amparo siku ya ubatizo, na kwa watu wa Cobre Alto udugu wa namna hiyo haufutiki.

Amparo, mezani pale mbele, aliachia ukingo wa meza aliokuwa ameushika. Alihisi nafuu. Ndiyo, msomaji, nafuu! Si yeye aliyetajwa. Alipumua.

Kisha akajisikia anavyopumua, na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa sababu mtoto yule mwenye sweta alikuwa wake. Noelia, miaka kumi. Na Chelo alikwenda bondeni Jumatatu ya wiki ile kwa kuwa Amparo mwenyewe aliogopa kuonekana.

"Mwalimu," Dwight alisema, "ni wewe huyu, si wewe?"

Chelo aliinuka. "Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilimsindikiza mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa watu."

Ukumbi uliguna. Dwight alicheka kicheko kikavu. "Wewe hujazaa, mwalimu. Huyu umemwokota wapi?"

"Chunga mdomo wako, Dwight," alisema Chelo. "Mwanao nilimfuta kamasi mimi."

"Na kusoma hukumfundisha!"

Hapo pakalipuka. Huyu anapiga meza, yule anazomea. "Mnafiki!" "Asubuhi anatufundishia watoto, jioni anawauza!" "Mwulizeni analipwa ngapi kwa kichwa!"

Mwenyekiti wa bodi, mzee Wendell Haskett, mfuga ng'ombe mwenye sauti ya trekta bovu, aligonga meza kwa kikombe. "Kimya! Mwalimu, hapa si mahakamani, hulazimiki kujibu. Lakini Jumatatu mkuu wa shule za wilaya atakuita. Mwalimu wetu anayewatorosha watoto wetu... mimi sitakutetea."

Chelo aliitikia kwa kichwa. Kabla ya kukaa alimtazama Amparo mara moja tu, nusu ya nukta, halafu akayaondoa macho yake kama mtu anayefunga pazia.

Amparo alijua maana yake. Nyamaza. Piga kura yako. Mengine niachie mimi.

Wajumbe wawili walikwisha sema wazi wanataka shule ifungwe, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Wawili walitaka ibaki. Hoja ya kuinusuru ilihitaji kura tatu. Ya tatu ilikuwa ya Amparo, na watu wote walijua iko upande gani.

Dakika mbili tu za kufumba mdomo. Wangapi wamefumba midomo miaka mizima na bado wanakula, wanalala?

"Tuendelee na kura," alisema mwenyekiti.

"Ngoja!" Aliyesimama alikuwa Doña Ofelia Buelna, bibi wa miaka sabini na mbili, ambaye kwa wiki mbili alizunguka nyumba kwa nyumba na magoti yake mabovu akikusanya sahihi za kuiokoa shule. Mjukuu wake yuko darasa moja na Noelia. Alibandua kibandiko cha kampeni kifuani, akakiweka mbele ya Chelo bila neno. Kisha akamgeukia Amparo, na uso wake ukalainika.

"Wewe umebaki peke yako msafi, mwanangu. Mungu akutunze. Na mtoto je? Vile vipele vimeanza kukauka? Ile supu ya vitonge vya nyama alikunywa?"

Amparo aliinamia karatasi zake mezani.

Kwa maana tangu Jumatatu mji uliambiwa Noelia ana tetekuwanga. Ndiyo uongo ulioficha kutoonekana kwake shuleni. Na mji ukaamini, ukapika. Kwenye friji ya Amparo palikuwa na masufuria manne ya supu za watu. Mlangoni wanafunzi wenzake walipitisha kadi zilizochorwa jua na paka. Ya Ofelia, Amparo aliinywa mwenyewe, amesimama gizani jikoni, kwa sababu kuimwaga ilimshinda.

"Amparo?" Ofelia alirudia. "Alikunywa?"

"Ni wangu," Amparo alisema.

"Ndiyo, nakuuliza huyo huyo wako..."

"Mtoto aliye kwenye picha. Ni wangu. Ni Noelia."

Nisikudanganye, msomaji, shingo zote za ukumbi zilimgeukia mara moja.

"Noelia ana tetekuwanga," alisema Ofelia, polepole, kama anayemsahihisha mtoto.

"Noelia hana tetekuwanga, Doña Ofelia. Hajawahi kuwa nayo. Yuko shule ya bondeni, kwa vocha. Chelo alinisaidia kwa kuwa mimi niliona aibu. Vocha niliomba mimi. Uongo niliutunga mimi."

Kutoka nyuma mtu alipiga mluzi. "Kumbe tetekuwanga siku hizi inapanda gari kwenda bondeni!"

Watu wakacheka, kicheko kile kinachochubua ngozi. Dwight Lunsford hakucheka. Alikuwa ameishika picha yake anaitazama upya, kama kwamba nayo imemdanganya.

"Nipeni nafasi nieleze," alisema Amparo.

"Eleza ulivyotutumia!"

"Miaka miwili nimeandika barua. Mwenyekiti ni shahidi. Mwalimu wa watoto ambao herufi zinawageukia aliondoka, hakuletwa mwingine. Noelia ana miaka kumi. Anajua hesabu, anajua kuimba, anaijua Biblia ya bibi yake kwa kusikia. Kusoma jina la mtaa wake hawezi. Jioni anafunika kitabu kwa mikono ili nisione amekishika juu chini. Ningefanya nini?"

Mama mmoja pembeni alifuta macho. Wengine wakaanza kulegea. Laiti yangeishia hapo!

Lakini Ofelia hakuwa amemaliza.

"Na mjukuu wangu, anasoma?"

Amparo aligeuza macho kuelekea mlangoni.

"Nakuuliza wewe mjumbe wa bodi. Ulikaa na walimu, uliziona ripoti. Mjukuu wangu anasoma?"

"Hapana."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuja nyumbani kwangu, ukala mkate wangu, ukaniambia usihangaike, mama, tupiganie shule, watoto watakuwa sawa."

"Ndiyo."

"Basi wa kwako ulimtafutia mlango," alisema bibi yule, "na wa kwangu ukampa kibandiko."

Akakaa. Hakuna aliyemzomea Amparo tena. Ingekuwa afadhali wangezomea.

Unadhani hapo mambo yalikwisha, yeye akaungama, akaadhirika, akapiga kura, shule ikapona? Hata mimi ningependa.

Mwishoni mwa meza ya bodi aliketi wakili wa wilaya, Bi Nordgren, mwanamke mwembamba ambaye asubuhi nzima alikuwa hajasema lolote isipokuwa kuomba maji. Sasa aliinua kidole.

"Mwenyekiti, samahani. Kuna kanuni."

"Kanuni gani tena?"

"Ya kumi na mbili ya bodi hii. Mjumbe ambaye mtoto wake anapokea vocha haruhusiwi kupiga kura kuhusu kufungwa kwa shule yoyote ya wilaya. Ilipitishwa Aprili mwaka jana." Alifunua ukurasa. "Ilipendekezwa na... na Bi Villaseñor."

Amparo aliikumbuka siku ile. Aliiandika kwa hasira, kumziba mdomo mjumbe mwingine aliyekuwa na watoto shule binafsi. Watu walimpigia makofi wamesimama.

"Maana yake nini kwa lugha ya binadamu?" aliuliza mwenyekiti.

"Maana yake kura ni mbili kwa mbili. Hoja inaanguka. Shule inafungwa mwezi wa tano."

Ukumbi uliruka! Viti vilianguka. Mzee mmoja akalia kwa sauti, huyo alisoma hapo, na baba yake alisoma hapo. Na katika kelele zile zote Amparo alisikia jambo moja tu likimzunguka kichwani: angenyamaza dakika mbili, shule ingepona. Alisema uongo wiki nzima bila kuua mtu. Amesema kweli mara moja, ameua shule.

"Hakuna njia?" alibweka mwenyekiti, ambaye alitaka shule ifungwe lakini hakutaka ifungwe namna hii. "Wewe wakili, umelipwa utuletee matatizo tu?"

Bi Nordgren alivua miwani. "Njia iko moja. Kanuni inasema 'anapokea'. Vocha inaweza kufutwa na mzazi wakati wowote, kwa simu tu. Akiifuta kabla ya kura, ni mjumbe kama wengine."

"Na mtoto?" aliuliza Amparo.

"Anarudi hapa Jumatatu."

"Na nafasi yake kule bondeni?"

"Shule zile zina foleni ndefu. Ukitoka, anaingia anayefuata. Hilo unalijua, Bi Villaseñor."

Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani. "Mapumziko dakika kumi. Amparo, amua. Na safari hii amua ukiwa na mlango wazi."

*

Amparo alitokea kwenye ujia wa madarasa, simu mkononi. Ukutani watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamebandika alama za nyayo zao za rangi. Aliegemea hapo.

Chelo alikuja mbio nyuma yake. Amparo alimfungulia mikono.

"Comadre, nisamehe, nilikuacha wakutukane..."

"Nani alikutuma useme?"

Amparo aliduwaa. "Nini?"

"Nakuuliza, nani alikutuma?" Macho ya Chelo yalikuwa mekundu, lakini si kwa kilio. "Nilikwisha libeba! Wangenifukuza, haya, ningefukuzwa. Nina dada yangu Tucson, ningelala kwake. Wewe ungeinua mkono, shule ingebaki. Lakini dhamiri ilikuwasha, ukaona ujikune mbele za watu!"

"Walikuita mwuza watoto, Chelo!"

"Na mimi nililia? Ulidhani nimenyamaza kwa ajili yako? Nilinyamaza kwa ajili ya kura yako. Nina watoto ishirini na sita mle ndani. Kumi na mmoja mama zao hawana gari. Vocha watapanda nayo nini kwenda bondeni, punda? Shule ya mkataba haina basi, haina mlo, na akija mtoto mgumu wanamwambia mama yake kwa adabu kwamba hapa hapamfai. Wakifunga hapa, hao wanakwenda wapi?"

"Sijui."

"Unajua. Futa hiyo vocha."

"Wewe ndiye uliyempeleka, Chelo. Ulisema mtoto ana haki ya kusoma."

"Nilisema. Na nilikuwa nimefanya hesabu ya mtoto mmoja." Sauti ilimpasuka. "Nitamfundisha mimi. Jioni, nyumbani kwangu, kila siku. Naapa."

"Jioni hizo umemfundisha miaka minne, comadre."

Hilo lilikuwa kofi. Amparo alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Chelo alirudi hatua nyuma.

"Usifute."

Wote wawili waligeuka. Dwight Lunsford alikuwa amesimama kwenye kona, kofia mkononi.

"Wewe ondoka hapa!" Chelo alimfokea. "Umekwisha kuchoma, sasa unaota moto?"

"Nina neno moja kwake, mwalimu, halafu mnitemee mate." Alimtazama Amparo. Kwa karibu hivi alionekana mzee zaidi. "Unamjua mwanangu Garrett. Miaka kumi na tisa. Herufi zilimgeukia huyo kabla ya wako. Nilimleta hapa, wakaniambia atakua, atazoea. Akakua. Mwaka jana walimwajiri machimboni, wakampa fomu ya usalama asome, atie sahihi. Akaitia. Fomu akaificha ndani ya buti, siku ya tatu ndipo akamletea mama yake amsomee jioni. Siku tatu, Amparo, alifanya kazi chini kule hajui ni king'ora kipi cha kukimbia."

Dwight alisogea hatua moja karibu.

"Ukumbini nilitaka kumwaibisha mtu. Kweli. Nilidhani ni mwalimu, na nilifurahi. Lakini kama ni mtoto wako... usifute. Mimi nisingefuta."

"Mwulize nani amemlipia petroli ya kwenda bondeni kupiga picha," alisema Chelo. "Mwulize ile kampuni ya shule ya mkataba imemwahidi nini jengo hili likiwa tupu."

Dwight alizungusha kofia mikononi. Amparo alimngoja akane.

"Wameniahidi kazi," alisema Dwight. "Ulinzi na ukarabati, jengo zima. Ni kweli. Na nililokuambia ni kweli pia."

Akavaa kofia, akarudi ukumbini.

Dakika nne zilibaki. Amparo alifungua simu, akaingia kwenye ukurasa wa vocha. Jina la Noelia likatokea, tarehe yake ya kuzaliwa, na chini kabisa kitufe chekundu.

Alimfikiria mjukuu wa Ofelia akikalia kiti cha plastiki na kitabu juu chini. Alimfikiria Garrett Lunsford na buti lake. Aliwafikiria watoto ishirini na sita, halafu akajikuta anamfikiria mmoja, na akajichukia kwa jinsi ishirini na sita walivyokuwa wepesi na mmoja alivyokuwa mzito.

"Comadre," alisema Chelo, chini sana sasa. "Nakuomba."

Mlango wa uani ulifunguka, baridi ikaingia.

"Mama, nabanwa."

Noelia! Nywele zimemsimama, shavu lina alama ya mshono wa kiti. Alikuwa ameachwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Chelo chini ya blanketi, kwa kuwa mgonjwa wa tetekuwanga hawezi kuonekana mkutanoni wala kuachwa nyumbani peke yake.

"Si nilikwambia usitoke?"

"Nabanwa, mama. Na watu wanapiga kelele, nikadhani kuna moto."

"Hakuna moto. Nenda, choo unakijua."

Alikwenda mbio. Chelo alimfuata kwa macho, na Amparo aliona kidevu cha rafiki yake kikicheza. Wote wawili walimpenda yule mtoto. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Dakika mbili.

Amparo alikiweka kidole gumba juu ya kitufe, bila kugusa. Alijiambia maneno ambayo amewaambia watu mwaka mzima: shule ya umma ni ya wote au si ya mtu. Aliyaamini. Bado aliyaamini. Ndiyo maana yalimuuma.

Noelia alirudi akijipangusa mikono kwenye suruali. Akajibana ubavuni kwa mama yake kwa ajili ya joto, kichwa chini ya kwapa, akachungulia simu.

"Nini hiyo?"

"Kazi ya mama."

Mtoto hakuondoa macho. Alinyoosha kidole cha shahada, akaanza kuchora hewani, polepole, kama alivyofundishwa siku tano zile za bondeni, ambako wanaandika herufi kwenye sinia la mchanga mpaka mkono uzikariri hata macho yakigoma.

"Fff," alisema. "Fu. Fu-ta."

Amparo aliacha kupumua.

"Futa. Vo... vo-cha." Noelia aliinua uso. Ulikuwa umewaka wote. "Futa vocha! Mama! Nimesoma! Madrina, umesikia? Nimesoma peke yangu, hakuna aliyeniambia!"

"Nimesikia, mama yangu," alisema Chelo. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. "Nimekusikia."

"Vocha ndiyo nini?"

Mji mzima uligombana kwa neno lile, ndugu hawakusalimiana kanisani kwa ajili yake, na mtoto aliyekuwa ndani yake hakulijua.

Mlango wa bwalo ulifunguliwa. Sauti ya mzee Haskett ilikwaruza ujia mzima. "Villaseñor! Muda umekwisha! Una kura au huna?"

"Nakuja!" Amparo aligeuza kichwa kuelekea sauti ile. Nukta moja tu.

Na wewe mwenye mtoto unajua afanyavyo mtoto anapofaulu kusoma kitufe kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Akakibonyeza.

Kioo kikabadilika rangi. Maneno mapya yakatokea, na chini yake vitufe viwili, cha ndiyo na cha hapana. Chelo alitoa sauti kama aliyechomwa. Amparo alirudisha macho, akaona, akataka kuinyakua simu, lakini Noelia alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili, pua karibu iguse kioo, mwenye furaha kuliko siku yoyote tangu azaliwe.

"Usiniambie!" alisema. "Usiniambie, mama, nasoma mwenyewe. U-na... Una u... u-ha-ki... Inakuuliza, mama. Inasema: una uhakika?"